Zamu ya usiku kwenye lori la vifurushi: mwongozo kamili kwa dereva wa masafa marefu anayeanza

Dereva aliyezoea saruji, nondo au makontena, akihamia kampuni ya vifurushi hushangazwa na mambo mawili ndani ya wiki ya kwanza. La kwanza, mzigo ni mwepesi: trela inajaa hadi darini na mizani bado haijalalamika. La pili, hakuna anayemuuliza kabeba tani ngapi. Swali ni moja tu: unafika saa ngapi na dakika ngapi?

Sababu iko kwenye mfumo wenyewe. Vifurushi vilivyokusanywa mchana huletwa jioni kwenye kituo cha mji, hupangwa, hupakiwa, na usiku husafirishwa hadi kituo kikuu. Pale trela kutoka pande zote hushushwa karibu kwa pamoja, kila kifurushi hupita kwenye mikanda na kuelekezwa upande wake, kisha trela huondoka upya ili alfajiri magari madogo ya kusambaza yakute mzigo umefika. Ni mfumo uleule ambao kampuni ya vifurushi ya FedEx iliufanya maarufu kwa ndege usiku wa tarehe 17 Aprili 1973, ndege 14 zilipokutana Memphis, Marekani, zikiwa na vifurushi 186. Sasa fikiria trela yako imechelewa dakika 40. Mikanda haikusubiri. Vifurushi vyako vyote, hata kama ni elfu moja, vinangoja usiku wa kesho.

Kwa hiyo unachobeba hasa ni saa, na wa kwanza kuibiwa saa zake ni dereva mwenyewe: usingizi wake, mapumziko yake, muda wake wa kusubiri usiolipwa. Mwongozo huu unafuata zamu moja tangu kabla ya kusaini kazi hadi kurudi kitandani, na nimekaa zaidi pale ambapo wageni huumia.

1. Jua umepewa safari ya aina gani

Tangazo la kazi husema "dereva wa masafa marefu" na kuishia hapo. Wewe uliza. Kuna safari ya kwenda na kurudi: unapeleka trela kituo kikuu, unachukua nyingine, unarudi kwenu asubuhi. Kuna safari ya kukutana katikati, ambapo madereva wawili kutoka miji miwili wanakutana nusu ya njia, wanabadilishana trela, na kila mmoja anageuza. Mzigo unavuka, dereva analala kwake. Hii ndiyo raha ya kampuni za vifurushi, na wengi waliotoka kwenye mizigo ya kawaida, wakilala kwenye kebini wiki nzima, hawataki tena kurudi kule. Halafu kuna safari ya madereva wawili kwenye kichwa cha lori chenye kitanda, mmoja anaendesha na mwenzake analala. Ukipangiwa hiyo, mchague mwenzako kwa mguu wake wa breki. Uchangamfu wa mazungumzo hautakusaidia. Mtu anayekanyaga breki kwa kushtuka atakunyima usingizi kila siku mpaka mfarakane.

Pili, uliza malipo yanahesabiwaje: kwa kilomita, kwa saa au kwa safari. Ukilipwa kwa kilomita, uliza nani analipia muda wa kusubiri kwenye mlango wa kushushia, muda wa kuunganisha trela, na muda ambao gari limeharibika. Jibu liwe kwenye maandishi. Umoja wa Ulaya umeliona tatizo hili: kanuni yao namba 561 ya mwaka 2006 inakataza malipo au bonasi za kumhimiza dereva kwa umbali, kwa kasi ya kufikisha au kwa wingi wa mzigo, pale zinapohatarisha usalama barabarani. Hata kama sheria hiyo haikuhusu, hoja yake inakuhusu.

Tatu, ujue foleni. Pale wafanyakazi walipo na chama chenye nguvu, kama madereva wa kampuni ya vifurushi ya UPS nchini Marekani walio chini ya chama cha Teamsters, njia huchaguliwa kwa ukongwe: aliyeanza kazi zamani huchagua kwanza. Mgeni anabaki na makombo, yaani kuziba nafasi za wagonjwa na walio likizo, saa za kuanza zikibadilika kila wiki. Hakuna anayekuonea. Ila jipange kwa mwaka wa kwanza mgumu, hasa kwa usingizi.

2. Lala mchana kwa ratiba

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo wengi hudharau.

Mwili wa binadamu huzama chini kabisa kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi. Huo ndio muda unaoendesha. Mchana nao unakukatalia: mwanga, joto na kelele huufanya usingizi wa mchana kuwa mfupi na mwepesi kuliko wa usiku. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia dereva kuendesha. Hajanywa hata tone.

Sasa piga hesabu ya usiku wa kwanza baada ya siku zako za mapumziko. Umeamka saa 1 asubuhi kama watu wote, umeshinda na familia, saa 3 usiku unaripoti kazini. Ikifika saa 9 usiku una saa 20 bila kulala, na bado hujafika. Kwa maoni yangu usiku huu ndio wa hatari kuliko wote katika wiki, kupita hata ule wa mwisho ambao umechoka lakini mwili umeshazoea giza. Dawa yake ni kulala mchana wa siku ya kuanza, hata kama husikii usingizi. Ingia kitandani saa 8 mchana, mwili unapolegea wenyewe, ulale angalau saa moja na nusu. Ukipata tatu, bora zaidi.

Siku nyingine za zamu, lala mara tu unapofika nyumbani. Kosa la kawaida ni kupitia kwanza shughuli ndogo ndogo: benki, fundi, shamba, mtoto shuleni. Ikifika saa 5 asubuhi usingizi umepita na mlango umefungwa. Kama kuna jambo lazima, lifanye jioni baada ya kuamka. Chumba kiwe giza la kweli, pazia zito au kitambaa cha macho. Simu iwe nje ya chumba, na kazini wajue namba ya mtu mwingine wa nyumbani kwa dharura. Na familia iambiwe wazi: saa 5 mchana kwako ni sawa na saa 8 usiku kwao. Wengi hawakuamshi kwa ubaya. Wanakuona umelala jua likiwaka na wanadhani unapumzika tu.

Kahawa ni silaha, itumie kama silaha. Nusu ya nguvu yake bado iko mwilini baada ya takriban saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa 11 alfajiri ndicho kitakachokukodoa macho saa 4 asubuhi. Iweke mwanzoni na katikati ya zamu, kisha acha.

3. Hesabu saa zako kabla hawajakuhesabia

Kila nchi ina kikomo chake, na lazima ukijue kwa kichwa. Katika Umoja wa Ulaya dereva huendesha saa 9 kwa siku, 10 mara mbili tu kwa wiki, na baada ya saa 4 na nusu anapumzika dakika 45, ambazo anaweza kuzigawa 15 kisha 30. Kwa wiki asizidi saa 56, kwa wiki mbili 90. Marekani ni saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14 linaloanza unaporipoti, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na mapumziko ya dakika 30 ukishaendesha saa 8. Takografu za kidijitali, vifaa vinavyorekodi saa za kuendesha, zilianza kutumika Ulaya kwenye malori mapya mwaka 2006, na Marekani ikalazimisha kumbukumbu za kielektroniki Desemba 2017, kwa hiyo daftari la kufuta na kuandika upya limekwisha.

Mtego uko kwenye lile dirisha la saa 14. Umeripoti saa 12 jioni, dirisha linafungwa saa 2 asubuhi. Ukikwama saa 3 kwenye kituo kikuu ukingoja trela ipakiwe, hukuendesha, lakini saa hizo zimeliwa. Kipande cha mwisho cha njia hakitatoshea. Dispacha, yule mpangaji wa safari ofisini, atakwambia, "Wewe njoo tu, umekaribia." Hapo usibishane. Mwambie saa ambayo dirisha lako linafungwa, mwambie uko wapi, muulize anamtuma nani kukupokea. Yafanye mapema, bado zikiwa zimebaki saa 3, si dakika 20.

4. Kagua trela kana kwamba hukuikuta salama

Kichwa chako unakijua. Trela huijui. Saa chache zilizopita ilikuwa na dereva mwingine aliyekuwa na haraka kuliko wewe, na kabla yake mwingine. Zunguka na tochi: tairi zote kwa mkono na kwa jicho, nati za magurudumu zenye michirizi ya kutu (dalili kwamba zimelegea), taa, mlango na bawaba zake, sauti ya upepo wa breki unaovuja. Kasoro iandike hata kama ni ndogo na hata kama utaondoka nayo. Usipoiandika, kasoro ya jana inakuwa yako leo.

5. Unganisha pole pole, kisha amini macho

Katika mizigo ya kawaida unaweza kukaa na trela moja mwezi mzima. Huku unaunganisha na kuachia mara mbili, tatu, hata nne kwa usiku mmoja, gizani, wakati mwingine kwenye mvua. Wingi huo ndio hatari yenyewe, kwa sababu mkono unaanza kufanya bila akili kuwepo.

Kabla ya yote, hakikisha breki ya kuegesha ya trela imefungwa. Trela isiyofungwa, ukiipelekea upepo kwenye hosi nyekundu, inaweza kuanza kutembea wewe ukiwa kati yake na kichwa. Madereva wamekufa hivyo, na wengine wamekufa wakikimbilia kebini kuisimamisha. Ikianza kutembea, toka pembeni. Chuma kitatengenezwa.

Tazama urefu. Trela ikiwa juu mno, kingipini, kile chuma kilicho chini yake, itapita juu ya taya za sahani ya kuunganishia bila kushikwa au itashikwa nusu. Sahani yenye grisi nyuma ya kichwa inatakiwa iiguse trela na kuinyanyua kidogo sana inapoingia. Rudi nyuma taratibu mpaka usikie mlio wa taya kufunga. Mlio huo usiuamini peke yake. Ukiwa na breki za trela zimefunga, vuta mbele kwa gia ndogo uone kama imeshika. Kisha shuka, inama, mulika: taya ziwe zimeizunguka kingipini, na kati ya sahani na trela pasiwe na mwanya hata wa kupitisha karatasi. Halafu hosi, waya wa umeme, pandisha miguu ya trela mpaka mwisho, subiri upepo ufike kiwango chake. Kwenye malori mengi geji husimama kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 100 na 125, na ikishuka hadi 60 king'ora kinalia. Utaratibu wa hosi kabla au baada ya kurudi nyuma hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Fuata wa kwenu, na uwe ule ule kila siku.

Mtu akikuongelesha katikati ya kazi hii, ukimaliza kumjibu anza tena mwanzo. Niliwahi kuacha miguu ya trela imeshuka nusu kwa sababu ya salamu. Tuta la kwanza lilinikumbusha, na mguu ulipinda.

Ukipewa trela mbili fupi zinazofuatana, iliyo nzito ikae mbele. Ukigeuza, nyepesi mbele na nzito nyuma, ya nyuma itaanza kucheza kama mkia. Kichwa kikiyumba kidogo, trela ya mwisho huyumba zaidi, kwa hiyo usukani ugeuzwe kwa utulivu. Na usiingie mahali ambapo utalazimika kurudi nyuma, kwa sababu trela mbili karibu hazirudi. Utalazimika kuzitenganisha.

6. Sili na hati: ulinzi wako uko kwenye namba

Hukuona vifurushi vikipakiwa. Hujui ndani mna nini. Kinachokutenganisha na tuhuma ya wizi ni kipande kidogo cha plastiki au chuma chenye namba mlangoni. Namba ya sili ilingane na ya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu, kabla hujatoka getini. Piga picha ya sili na mlango mzima, saa ionekane. Namba zikipishana, hata kwa tarakimu moja ambayo "ni makosa ya karani tu", usiondoke mpaka hati irekebishwe na aliyeirekebisha asaini. Ukishavuka geti, makosa ya karani yanakuwa maelezo yako polisi.

Sili ikikatwa njiani na mkaguzi wa serikali, omba jina la ofisi yake, mahali na saa, pokea sili mpya kama ipo, na mjulishe dispacha hapo hapo. Wewe mwenyewe usiikate kwa sababu yoyote, hata kama unasikia kitu kinagonga ndani.

Soma pia orodha ya bidhaa hatari. Vifurushi vinaonekana vya nyumbani, lakini ndani ya maelfu kuna betri za lithiamu, rangi, marashi, makopo ya gesi. Betri ya lithiamu iliyoumia inaweza kuanza kuwaka yenyewe saa kadhaa baadaye. Ukiona moshi kwenye trela, simama mbali na watu na majengo, toka, ita zimamoto. Usifungue mlango kutazama: unaupatia moto hewa.

7. Barabarani

Trela ya vifurushi ni ndefu, imesimama wima na ni nyepesi. Upepo wa ubavuni unaipenda. Kwenye madaraja na mahali pa wazi punguza mwendo kabla upepo haujakupiga. Trela tupu ni mbaya zaidi: breki zake zimeundwa kwa mzigo, hivyo ikiwa tupu matairi hukwama na kuteleza upesi, hasa barabara ikiwa na maji. Watu hudhani gari tupu linasimama haraka.

Lori lililosheheni likiwa kwenye kilomita 105 kwa saa huhitaji takriban mita 160 kusimama. Kwa kilomita 90 kwa saa unapita mita 25 kila sekunde, kwa hiyo ukisinzia sekunde 4 umepita mita 100 bila dereva.

Zijue dalili zako. Kupiga miayo ni mwanzo tu. Dalili ya kuogopa ni hii: huikumbuki kilomita uliyotoka kuipita, au umeshtuka kwa sauti ya tairi kwenye mstari wa pembeni. Hapo redio, dirisha wazi na maji usoni ni kujidanganya kwa dakika chache. Tafuta mahali salama pa kuegesha, kunywa kahawa, weka kengele dakika 20, lala. Kahawa inaanza kufanya kazi karibu na wakati unaoamka. Usivuke nusu saa, usingizi mzito ukikushika utaamka mzito zaidi. Ukiamka, tembea kidogo ukizunguka gari, kisha ondoka. Dakika 25 zimepotea. Mjulishe dispacha sababu bila kujificha: umesimama kwa usingizi. Kampuni inayomwadhibu dereva kwa maneno hayo imekuonyesha rangi yake, na ni vizuri ukajua mapema.

8. Kukutana katikati na kukabidhi

Kabla ya kuondoka, jua namba ya gari la mwenzako, namba ya trela anayokuletea, na simu yake. Mpigie kila mmoja akiwa amebakiza saa moja kufika, ukiwa umeegesha. Mkutane kwenye yadi au eneo la malori lenye mwanga, kamwe si ukingoni mwa barabara. Kila mmoja akague trela anayopokea mbele ya aliyeileta, sili isomwe kwa sauti. Ni wakati pekee utakaomwona mtu aliyeiendesha, kwa hiyo muulize: inavuta upande? breki zinachelewa? Mwenzako akichelewa, nakili saa uliyofika na saa aliyofika.

Ukifika kituoni, mlango wa kushushia uliopangiwa unaweza kuwa mwembamba kuliko macho yanavyosema. Shuka uangalie, hata mara mbili. Ukishaegesha, trela haiguswi mpaka taa au mtu mwenye mamlaka aseme, kwa sababu kuna mpakiaji ndani anayepanda na kushuka akiamini sakafu haitasogea. Wakati wa kuachia: funga breki ya trela, shusha miguu mpaka iguse ardhi ngumu, toa hosi na waya, ndipo uvute kishikio cha taya. Sogea mbele kidogo, simama kichwa kikiwa bado chini ya trela, uone miguu imebeba. Kisha ondoka.

Mlango ukifunguliwa, usisimame mbele yake. Vifurushi vimesafiri usiku kucha vikihamahama, na vya juu vinangoja tu pa kuangukia.

9. Msimu wa mwisho wa mwaka

Novemba na Desemba mizigo huongezeka ghafla, madereva wa muda huajiriwa, yadi hujaa trela za kukodi ambazo hakuna aliyezikagua vizuri. Kila hatua iliyotajwa hapo juu ina thamani mara mbili. Usikubali safari ya ziada kwa kuangalia fedha pekee. Angalia kwanza saa utakayolala.

10. Daftari lako

Nunua daftari dogo la mfukoni, au tumia simu kama unaiamini. Kila safari andika: saa ya kuripoti, ya kutoka getini, ya kufika, ya kupata mlango, ya kuachiwa, kilomita, namba za trela na sili, kasoro ulizoripoti na jina la uliyemwambia. Dakika tatu kwa usiku zinatosha. Siku ya mshahara kaa na karatasi ya malipo upande mmoja na daftari upande wa pili, upitie mstari kwa mstari, hasa muda wa kusubiri. Ukikuta pengo, peleka wiki hiyo hiyo, kwa maandishi, ukiwa na tarehe na saa. Usipeleke ukiwa umetoka zamu. Lala kwanza, wapelekee jioni unaporipoti.